Utando Juu ya Kifuniko

Muuza chai alilamba kidole gumba, akabandua kifuniko kimoja kwenye rundo, akakibana juu ya kikombe cha karatasi kwa kiganja kile kile alichokuwa amefutia meza. Akamkabidhi Tusekile kikombe huku akitabasamu.

“Karibu, dada mkaguzi. Tangawizi ya kutosha. Baridi hii si ya mchezo.”

Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlima Loleza ukalala juu ya soko la Mwanjelwa. Watu wa zamu ya asubuhi walipita wakichukua vikombe bila kusimama. Mbeya ya siku hizo haikuwa tena na mtu wa kukaa kitako akanywa chai. Viwanda havikulala, zamu zilifuatana, na majiko ya nyumbani yalikuwa yamepoa miaka mingi. Chai, kahawa, uji, hata supu, vyote vilinywewa barabarani kupitia tundu dogo la kifuniko.

Tusekile, aliyekagua vifuniko kwa niaba ya baraza la mji, alitoa kurunzi yake ya mwanga wa zambarau, akamulika kifuniko. Pembeni mwa tundu, pale mdomo unapogusa, utando mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa uling'aa kijani.

“Uko hai,” alisema.

“Sasa utakufaje, dada, na chai ya moto unaipata kila siku?”

“Umelamba kidole, Sabina.”

Sabina alicheka kwa dhati, kama aliyesikia utani. “Si utando unakula? Ninyi wenyewe ndio mlitufundisha. Mlisema tusihangaike.”

Hilo lilikuwa kweli. Walikuwa wamesema hivyo kwenye redio na kwenye mabango makubwa, na picha ya Tusekile mwenyewe ilikuwa kwenye bango mojawapo, akiwa bado na mashavu. Wakati huo homa ya koo ilikuwa imefagia mitaa. Watu walidhani iko kwenye maji, wakachemsha maji. Wakadhani iko kwenye maziwa, wakayamwaga. Tusekile, aliyekuwa mtafiti mdogo katika kiwanda cha vikombe kule Iyunga, ndiye aliyeonyesha kwamba chai haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa juu yake. Kifuniko kilishikwa na mkono uliotoka kukoholewa, kikakaa wazi mezani kikipokea vumbi na mate ya wapita njia, kisha mvuke ukakilowesha na mtu akaweka mdomo hapo hapo.

Dawa aliipata kwenye togwa la bibi yake, uji ule mwepesi uliochachushwa. Ndani ya togwa kulikuwa na kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, chenye wivu, kisichovumilia jirani: kila kijidudu kilichokisogelea kilimeng'enywa. Tusekile alikifundisha kuishi juu ya plastiki ya vifuniko, iliyotengenezwa kwa mahindi, kikila mvuke na chembe za sukari. Kiwanda kikakizalisha katika pipa moja kubwa ambalo wafanyakazi waliliita Chungu, na kila kifuniko kilichotoka Iyunga kilipakwa kutoka kwenye Chungu. Homa ikapotea, na nyuma yake vikapotea makoleo ya kushikia vifuniko, masanduku yenye milango na ndoo za maji ya kunawa. Nani angehangaika?

Alikuwa anamalizia chai yake kwa uvivu, akiwaza vibanda vilivyobaki na miguu yake iliyokuwa inauma tangu alfajiri, sauti ya kaka yake ilipoingia sikioni kwa simu.

“Dada, njoo hospitali,” alisema Ambwene. “Lusekelo amelazwa. Subilaga analia tu, mimi sielewi wanachoniambia.”

*

Lusekelo alikuwa mtoto wa kwanza wa Ambwene, na alizaliwa mnene. Tusekile, shangazi yake, ndiye aliyempokea mlangoni siku aliyotoka hospitali. Sasa mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, ngozi ya mapaja imelegea kama nguo ya kuazima. Aliponyonya, alinyonya kwa nguvu zote, na maziwa yakatoka chini kama yalivyoingia.

“Ananyonya, wifi,” Subilaga alisema bila kuinua macho. “Usiku na mchana ananyonya. Hayakai.”

Daktari wa watoto aliitwa Ipyana, mtu mrefu aliyezungumza polepole. Walifahamiana na Tusekile tangu enzi za homa. Hakumsalimu kwa maneno mengi. Alimshika mkono akampeleka kwenye chumba cha maabara, akamwekea picha ukutani.

“Huu ni utumbo wa mtoto wa kawaida, wa zamani,” alisema. “Unaona? Soko zima. Viumbe wa kila aina, na kila mmoja ana kazi yake. Hawa ndio wanaomsaidia kusaga maziwa. Anawapata kwa mama yake, kwa kubusiwa, kwa kushikwashikwa.” Akabadilisha picha. “Huyu ni Lusekelo.”

Picha ilikuwa tupu, isipokuwa kiumbe wa aina moja aliyejazana kila kona, wa mviringo, mwenye mkia mfupi. Tusekile hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amemtazama kiumbe huyo kwa miaka mingi kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote.

“Haiwezekani,” alisema. “Utando hauishi mdomoni. Tulipima.”

“Mlipima wakati ule. Tangu hapo watu wamekunywa kila siku. Umejifunza. Kwa mtu mzima hauleti shida kubwa, tumbo lake lilishajaa wenyeji kabla haujafika. Lakini mtoto anazaliwa tumbo tupu, na wa kwanza kuingia ni huyu. Akishaingia, hamkaribishi mwingine.”

“Wangapi?”

“Wodi hii imejaa, na ile ya pili inajaa. Tumezika baadhi. Nilidhani ni maji, kama watu walivyodhani wakati wa homa.”

Tusekile alikaa kwenye kiti cha chuma. Mwili wake ulikuwa mzito, naye hakujua kama ni mshtuko au ni uchovu wa kawaida tu.

“Dawa?”

“Ipo, ndiyo inayoniuma. Namsafisha mama na mtoto, nawapa mtindi wa ng'ombe wa kienyeji, na mtoto anaanza kunenepa. Kisha anakuja bibi kumbusu mjukuu. Au nesi anamshika, naye ametoka kunywa kahawa. Ndani ya siku chache umerudi. Siwezi kumsafisha mtoto mmoja katika mji mchafu namna hii.” Akatabasamu kwa huzuni. “Msafi namna hii, niseme.”

“Na vifuniko vikikoma?”

“Usipoongezewa mpya kila siku, unafifia mdomoni. Wiki mbili, tatu. Ndivyo ninavyoona kwa kina mama niliowatenga.” Akazima picha ukutani. “Lakini nawe unajua kinachosubiri mlangoni.”

Alijua. Homa ya koo ilikuwa imeonekana tena mpakani Tunduma, kwa madereva wa malori waliotoka mbali, ambako hakukuwa na vifuniko vya Iyunga. Ilikuwa inapiga hodi Mbeya na kukuta kila mdomo una mlinzi.

*

Mkurugenzi wa kiwanda, Bi Hildegarda Sanga, alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama dirishani. Chini yao, nyuma ya kioo, Chungu lilikuwa likizunguka taratibu na kutoa harufu ya uchachu iliyokuwa imeshaingia hata kwenye nywele za wafanyakazi.

“Tuwajengee kina mama kambi,” alisema mkurugenzi. “Uyole kuna majengo ya shule yaliyo wazi. Wajawazito wote na wanaonyonyesha wakae huko mpaka baridi ipite.”

“Na manesi wao? Wapishi? Waume wao watakaokuja kuwaona? Kila mmoja ana mdomo, mama. Na walioko wodini hawana muda huo. Mtoto wa kaka yangu hana muda huo.”

“Kwa hiyo ni mtoto wa kaka yako.”

“Ni yeye na wengine.”

“Sikulaumu.” Bi Hildegarda aligeuka. Alikuwa amemzika mume na mtoto wake wa kiume katika wiki moja wakati wa homa, na kila aliyefanya kazi hapo alilijua hilo bila kuambiwa naye. “Sasa nisikilize na mimi. Ukizima Chungu leo, homa itaingia kabla ya mwisho wa mwezi. Haitaua wote. Itaua wazee, wenye vifua, wenye sukari, na baadhi ya vijana kwa bahati mbaya tu. Hao sasa hivi wako sokoni, wanacheka. Watoto wako wodini unawaona, ndiyo maana wanakuuma. Hawa wengine huwaoni.”

“Nawaona, mama. Mmoja naishi naye.”

Mkurugenzi alishika ukingo wa dirisha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Hakuna njia ya kuulegeza? Ukae kwenye kifuniko, usishuke mdomoni?”

“Najaribu tangu mwaka juzi, kwa sababu nyingine. Kila nikiulegeza, unaacha kula. Ukali wake na ung'ang'anizi wake ni kitu kimoja.” Tusekile alijifikicha macho. “Kuna njia ya zamani tu. Kuchemsha vifuniko. Kuviweka ndani ya sanduku, vimelala kifudifudi. Kushika kwa koleo, pembeni, si juu. Kunawa. Anayekohoa asiuze.”

“Watu wameshasahau hayo.”

“Watafundishwa.”

“Na watakaokufa wakati wanajifunza?”

Tusekile alitazama Chungu likizunguka chini yao.

“Sitasaini kuzima,” alisema Bi Hildegarda hatimaye. “Siwezi. Mkono wangu hautakubali. Ufunguo wa mvuke wa kuliua Chungu unao, kwa sababu wewe ndiye mwenye Chungu. Ukiutumia, utaondoka hapa, nami nitasema hadharani kwamba ulifanya peke yako.”

“Itakuwa kweli.”

“Ndiyo,” alisema mkurugenzi. “Itakuwa kweli.”

*

Nyumbani Sisimba, mama yake alikuwa amekaa juani, shali imemzunguka shingo. Bi Tumpale aliugua homa ile ya kwanza akapona, lakini koo lilibaki na kovu. Kila alipovuta pumzi, kulisikika mluzi mwembamba. Madaktari walisema bila kuficha kwamba koo hilo halitabeba homa ya pili.

“Mtoto anaendeleaje?” aliuliza.

“Hajambo kidogo, mama.”

“Usinidanganye. Ambwene amenipigia. Amesema ni ule utando wako.”

Tusekile alivuta kigoda akakaa miguuni pake, akamweleza yote. Alieleza vibaya, akirudiarudia, akichanganya maneno ya maabara na ya nyumbani. Mama hakumkatiza. Kuku mmoja alipita akidonoa, akaondoka.

“Kwa hiyo,” alisema mama, “ukiuacha, anakwenda mjukuu wangu. Ukiuzima, huenda nikaenda mimi.”

“Naweza kukutoa mjini. Nikupeleke kwa mjomba, kule Rungwe.”

“Kule nako si wanakunywa vya Iyunga? Homa itanisubiri tu.” Mluzi ulipanda na kushuka. “Nitakaa kwangu.”

“Mama, nifanye nini?”

Bi Tumpale alimgeukia binti yake. Alikuwa mwanamke mpole, na Tusekile alitazamia upole. Badala yake mama alikaza uso.

“Usiniulize hilo. Unasikia? Nikisema zima, maisha yako yote utawaambia watu kwamba mama aliniruhusu. Nikisema usizime, nitakuwa bibi aliyemla mjukuu wake. Mimi sikuutengeneza huo utando. Nilikunywa tu chai.” Alishika shali yake. “Mimi nataka kuishi, Tusekile. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia. Nataka kuishi, na namtaka mjukuu wangu. Mengine utajua mwenyewe.”

Tusekile alitaka kulala pale pale chini, kwenye vumbi, kichwa kwenye miguu ya mama yake, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Lakini alisimama, akaingia ndani, akamchemshia mama maji. Akatafuta kikombe cha bati kabatini, akakikuta nyuma kabisa, akakisugua kwa majivu, akakichemsha nacho.

*

Alizima Chungu siku iliyofuata, mchana, mbele ya wafanyakazi wote. Aliwaeleza sababu kwanza. Wengine walilia kwa hofu ya kazi, wengine kwa kukumbuka homa, na kijana mmoja wa zamu alisimama mbele ya mlango akasema hatampisha. Tusekile alimwambia, “Mwanangu, nimechoka. Kama utanizuia, nizuie kweli. Kama hutanizuia, nipishe.” Kijana akasogea.

Aligeuza ufunguo. Mvuke uliingia kwenye pipa kwa kishindo, harufu ya uchachu ikageuka kuwa ya uji ulioungua, na kwenye kioo cha kupimia mwanga wa kijani ukafifia kuanzia pembeni hadi katikati. Alikuwa amekilea kiumbe kile kama kitoto. Alisubiri machozi, hayakuja.

Jioni hiyo alisema redioni alichofanya, na kwa nini, na kwamba vifuniko vilivyoko mitaani vingekwisha ndani ya siku chache, na vipya havingekuwa na utando. Bi Hildegarda naye akasema aliloahidi kusema, na hakuongeza uongo. Baraza la mji lilimfukuza Tusekile kazi ya ukaguzi asubuhi, na mchana likamwita, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyekumbuka jinsi ya kufundisha wauza chai kushika kifuniko.

Basi akazunguka. Kibanda baada ya kibanda, Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, akionyesha koleo kama mtu anayeonyesha chombo cha kale.

“Shika ukingoni. Hapana, kidole chako kimegusa tundu. Rudisha kwenye sufuria. Anza tena.”

Wengine walijifunza upesi. Wengine walimtemea maneno. Mwanamke mmoja alimmwagia chai miguuni, akamwambia kwamba hiyo ni ya mume wake. Tusekile alikausha miguu akaendelea na kibanda cha pili, kwa sababu mume wa mwanamke huyo alikuwa ameshakufa kwa homa, na kibanda cha pili vifuniko vilikuwa bado wazi mezani.

Homa ilikuwa imeingia, kama alivyosema mkurugenzi. Haikufagia mitaa kama ile ya kwanza. Makoleo na maji ya moto yaliipunguza makali. Lakini iliua. Iliua mwalimu wake wa sekondari. Iliua mpiga kinanda wa kanisa la Sisimba na wachukuzi wawili wa soko. Kwenye kila matanga aliyoweza kufika, Tusekile alifika, akakaa nyuma, akaondoka kabla hajaombwa kuondoka. Hospitalini, wodi ya watoto ilianza kupungua. Dk. Ipyana alimtumia ujumbe mmoja tu: Lusekelo anakaa na maziwa.

Wiki hiyo hiyo mama yake alipata homa.

*

Walimlaza kwenye chumba cha peke yake, bomba shingoni, chini ya kovu la zamani. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atapona. Ambwene alikaa upande mmoja wa mlango na Tusekile upande mwingine. Mara moja tu kaka yake alisema, “Mwanangu ameongezeka uzito,” kisha akafunika uso kwa mikono, kana kwamba amesema jambo la aibu.

Bi Tumpale hakufa. Asubuhi moja alifumbua macho, akamtambua nesi, akaonyesha kwamba ana kiu. Daktari aliwaita nje akawaambia atapona, ila sauti haitarudi. Kilichobaki cha koo kilikuwa kinatosha kupumulia tu.

Subilaga alimleta mtoto, akasimama naye nyuma ya kioo. Lusekelo alikuwa na mikunjo kwenye viwiko, amekasirika kwa baridi, miguu inapiga hewa. Bi Tumpale alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka Subilaga mkono ukachoka, akambadilisha bega. Kisha bibi akageuza kichwa taratibu, akamtazama binti yake aliyesimama karibu na kitanda, koti limeloa mvuke, vidole vimebabuka kwa maji ya moto ya sokoni.

Tusekile alichukua kibao cha kuandikia kilichokuwa mezani, akakiweka juu ya blanketi, akamshikisha mama kalamu. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Njia nzima kutoka Mwanjelwa alijiambia kwamba likiwa neno la laana atalipokea, na likiwa la msamaha atalipokea vilevile, ingawa la msamaha ndilo alilolihofia zaidi.

Mama alikaza kalamu. Aliandika polepole, herufi kubwa za mtu aliyejifunzia kuandika vumbini, akapumzika katikati, akamalizia. Akakisukuma kibao kwake.

NENDA KALALE.

Tusekile aliyasoma. Akayasoma tena maneno hayo mawili, akitafuta hasira ndani yake, kisha akitafuta huruma. Aliinua macho aulize, lakini mama alikuwa ameshafumba yake, na pumzi zilikuwa zinapita kwenye bomba, moja baada ya nyingine, bila mluzi.

Ambwene alisimama mlangoni. “Nenda, dada,” alisema. “Mimi nipo.”

Akarudisha kibao mezani. Akanawa mikono kwenye beseni lililokuwa karibu na mlango, kama walivyotakiwa kunawa wote, akaenda nyumbani, akalala na viatu vyake miguuni hadi kesho yake.